Sauti Ndani ya Namba Nne

Jumatatu, 2 Desemba 2013

Bahati imeingia dukani leo ikiwa imevaa viatu vyeupe. Nyandeng! Mwenyekiti wa kikundi cha kina mama thelathini wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na wote thelathini wanatafuta mahali pa kujifunza kompyuta kuanzia Januari. Nilimpa kiti chenye mto.

Shida yake ndogo. Kaka yake Majok yuko Australia. Amerekodi ujumbe wa video kwa mama yao, na kanisa lake limeuweka mtandaoni. Nyandeng alikuwa na karatasi yenye anwani na neno la siri. Mama anapanda lori kurudi kwao Bor, ng'ambo ya mpaka, tarehe kumi na nne, na mizigo imeshafungwa. Anataka kwanza apate neno la mwanawe.

Nikamwambia ni kazi ya dakika tano. Nikafungua Namba Nne, kompyuta yangu bora, niliyoinunua Lodwar kwenye mnada wa ofisi iliyofungwa. Bado ina kibandiko chenye jina la karani aliyeitumia.

Kisanduku cheusi. Chini yake maandishi kwamba plagini haipo. Plagini ni kile kijiprogramu kinachoshikizwa kwenye kivinjari ili video icheze. Nilijua hilo. Nimelijua siku nyingi! Nikamwambia Nyandeng kuwa tatizo liko Australia.

Ng'ambo ya barabara Chelangat alisimama mlangoni pa saiba yake, duka la kompyuta na mtandao kama langu, akivitazama vile viatu vyeupe. Chelangat ana cheti cha kompyuta. Amekitundika ukutani. Mtu anayejiamini hatundiki cheti.

Jumanne, 3 Desemba

Nimejaribu kuipakua plagini mara sita. Imekataa mara sita. Eti cheti cha usalama cha tovuti hakijaanza kutumika. Hata mashine siku hizi zinadai vyeti!

Nyandeng aliuliza kwa upole kama angejaribu kule kwa Chelangat. Nikamwambia ujumbe wa aina hiyo ukifunguliwa kwenye mashine mbili hujifuta. Aliikunja karatasi yake na kuisukuma ndani kabisa ya mkoba. Nilijisikia vibaya kwa muda mfupi.

Alhamisi, 5 Desemba

Kisanduku bado cheusi. Nimekipiga kioo kofi mara mbili. Hakuna.

Nimemkumbuka marehemu Baba. Alikuwa fundi wa redio Ugunja. Akiletewa redio mbovu hakushika bisibisi. Aliisogeza sikioni kwanza, akakohoa kidogo, akasikiliza robo saa nzima huku mwenye redio akikereka. Alifariki 2010 akiwa bado anawaambia majirani kwamba mwanawe Byron si fundi. Mimi robo saa ya kusikiliza sina. Nina siku tisa.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimefika Lodwar na kurudi. Vumbi mpaka kwenye meno. Rafiki yangu Mike anayetengeneza simu alinipa sidii yenye plagini tatu tofauti, akasisitiza nichague moja tu, kwa sababu zikiwekwa pamoja hugombana. Mike ni mwoga tangu zamani. Nitaweka zote tatu.

Jumatatu, 9 Desemba

Naandika nikiwa nje, juani.

Nimeziweka zote tatu asubuhi. Kisanduku kikabaki cheusi. Saa saba mchana barabara ilikuwa tupu kama kawaida ya saa hiyo, mbuzi wamelala chini ya lori, upepo unaburuta karatasi ya nailoni. Nilikuwa peke yangu dukani. Mtu akaongea nyuma yangu.

Mwanaume. Sauti ya chini, isiyo na haraka. Niligeuka. Hakuna mtu! Sauti ilikuwa inatoka Namba Nne. Si Kiswahili, si Kijaluo, si Kiturkana. Ikasema maneno machache, ikanyamaza kama inayosubiri jibu, kisha ikaendelea. Ilipomaliza ikaanza tena mwanzo, maneno yale yale, na kunyamaza pale pale.

Nikachomoa spika. Sauti ikahamia ndani ya sanduku la kompyuta, nyembamba zaidi, kama mtu aliyefungiwa kabatini. Nikachomoa waya wa mtandao. Ikaendelea! Nikazima umeme, nikatoka.

Nyandeng alipokuja saa kumi nilimwambia mashine inapumzika. Mteja akijua una mashine yenye mtu ndani, harudi.

Jumatano, 11 Desemba

Ipo. Nikiwasha tu na kufungua ukurasa ule, ipo. Nimempigia Mike, nimeuliza habari za karani wa kibandiko. Akaulizia, akanirudia. Wanasema karani alitoka siku moja saa sita mchana akaiacha kofia yake mezani. Hajulikani alikokwenda. Kofia iliuzwa kwenye mnada.

Nimekibandua kibandiko. Sauti haikubadilika.

Ekal, mlinzi wangu kutoka Lopur, aliingia kunywa maji, akasimama, akasikiliza. Akasema, "Hii kompyuta iko na mtu ndani." Alisema kama anayeniarifu kwamba paa linavuja. Akamaliza maji yake, akatoka.

Jambo baya zaidi nitaliandika hapa tu. Nimeshaizoea ile sehemu ya kunyamaza. Leo ilipofika, kabla sijajizuia, nilijibu, "Ndiyo." Sauti ikaendelea, safari hii kwa furaha kidogo. Au nilidhani tu.

Halafu akili ikanijia. Kile kialama kidogo cha spika pembeni ya kioo! Nikakibonyeza, kikapigwa mstari mwekundu. Kimya. Byron Opondo amemziba mdomo marehemu karani kwa kidole kimoja.

Nyandeng alikuja, tukakitazama kisanduku cheusi nusu saa. Akauliza mbona hata sauti haitoki. Nikamweleza kitaalamu kwamba sauti huja baada ya picha, siku zote.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Watu wako uwanjani. Mimi niko na kisanduku cheusi.

Ekal alikuja na mbinu zake za kupiga ramli bila kuombwa. Alivua akala zake, viatu vya matairi, akazirusha juu, zikaanguka zote mbili zikiwa zimeelekeza vidole Namba Nne. Akazirusha tena. Vile vile! Mara ya tatu nilihamishia kiti chake upande mwingine makusudi nimsumbue, na bado. Akaniambia kuna mtu anaongea na amenyimwa ruhusa. Akauliza kama ni mimi niliyemnyima. Nikamwambia aende akalinde mlango.

Lakini kwanza alimwekea mgeni wa ndani ya mashine tumbaku ya unga, ndiyo heshima kwao. Aliiweka juu ya sanduku, pale penye matundu. Feni ikavuta. Namba Nne ikatoa mngurumo, kisha ikapuliza ugoro wote usoni kwangu. Nimepiga chafya hadi saa tisa. Ekal anasema hiyo ni dalili nzuri, mgeni amepokea.

Kile kialama chenye mstari mwekundu sikukigusa. Siwezi. Kesho Nyandeng anamleta mama mwenyewe. Lori linaondoka kesho kutwa alfajiri.

Ijumaa, 13 Desemba

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Mama alifika kwa pikipiki akiwa ameshikwa na Nyandeng. Anaitwa Nyanut. Mrefu, mkongojo mkononi, macho meupe kama maziwa. Haoni! Haoni hata kidogo. Siku kumi na moja nimemtafutia picha mtu asiyeona. Nilimuuliza Nyandeng mbona hakuniambia. Akasema, "Mwalimu, wewe hukuuliza."

Mama hakukaa kwenye kiti chenye mto. Alipapasa meza, akalifikia sanduku la Namba Nne, akainama akaweka sikio juu yake. Robo saa. Nimemwona mtu mmoja tu maishani akifanya hivyo. Kisha akasema neno, na Nyandeng akatafsiri kwamba kuna mtu humu. Ekal akanitazama, akasema, "Si nilikwambia."

Umati ulikuwa umejaa mlangoni, na umati ukijaa Chelangat hujialika. Alivuka barabara. Hakukitazama kisanduku cheusi. Alitazama pembe ya kioo, penye saa na tarehe.

"Bwana Opondo, hii mashine yako iko mwaka gani?"

Ni 2009. Nilimweleza waziwazi, sina cha kuficha. Programu yangu ya kuzuia virusi ni ya majaribio ya siku thelathini, kwa hiyo kila zikikaribia kuisha narudisha tarehe nyuma. Haiishi milele! Kila mwenye saiba anafanya.

Chelangat hakucheka, na hilo lilinichoma zaidi. Alieleza mbele ya watu wote kwamba cheti cha tovuti kimeanza 2012, na mashine inayoamini iko 2009 lazima ikikatae. Kisha akaona zile plagini tatu, akashusha pumzi. Moja ilikuwa inacheza sauti kwenye dirisha lililojificha nyuma, nyingine mbili zikiizibia picha. Na waya kuchomolewa si kitu, video ilikuwa imeshahifadhiwa ndani. Akarekebisha tarehe, akaondoa mbili, akafunga kivinjari akakifungua. Dakika tano. Kijana mwembamba mwenye shati la kanisa akatokea kwenye kioo, mdomo unacheza, kimya.

Akauliza ni nani aliyezima sauti. Nikasema labda ni vumbi. Akabonyeza.

Ilikuwa yeye. Mtu wangu wa saa saba mchana! Sauti ile ile, haina haraka. Mama aliweka kiganja juu ya sanduku. Sauti ilipofika pale inaponyamaza, yeye akajibu. Nyandeng alitueleza kwamba Majok hapo anauliza, "Mama, unanisikia?" Na mimi ndiye niliyemwitikia juzi.

Halafu Nyandeng akaacha kutafsiri. Akaomba ichezwe tena. Ilipoisha, alituambia huku akimshika mama yake bega. Majok anasema mama asipande lori. Hana sababu ya kumpa, ila moyo wake umekataa na usiku anaamka akiwa ameketi. Abaki Kakuma hadi Pasaka, atamfuata mwenyewe. Na mwishoni ameongeza kwamba anajua wako dukani kwa mtu, na mtu huyo atawaambia mashine ni mbovu. Wasimwamini. Mashine ni nzima.

Watu wote walinitazama. Mimi nilitazama feni.

Amejuaje? Nimeuliza kwa sauti, amejuaje? Chelangat akasema kila aliyewahi kuishi Kakuma anajua. Wakacheka. Lakini Ekal hakucheka. Alikuwa bado kwenye jambo la tarehe. Aliuliza kwa dhati kama humo ndani, wakati bado ni 2009, ngamia wake waliokufa na ukame walikuwa hai. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mama amekwenda kufungua mizigo. Kina mama thelathini wamevuka barabara.

Ijumaa, 20 Desemba

Redio inasema Bor kuna mapigano tangu Jumatano. Watu wanaongea chini chini bombani. Lori la Jumamosi halijulikani lilipo. Simu za waliopanda hazipokelewi.

Nyandeng alikuja. Alisimama mlangoni na viatu vyake vyeupe, nikajiandaa kutukanwa. Nilikuwa nastahili. Ujumbe ule ulipiga kelele siku tatu dukani kwangu na mimi nikauzima kwa kidole! Akasema mama yake ananiombea kila siku, akaondoka. Afadhali angenitukana. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, nikaacha hata kuwasha mashine.

Aibu ilipungua baada ya chai. Kwa kweli, ujumbe ulifunguliwa kwa nani? Kwangu. Kwa mashine ya nani? Yangu. Nimechora bango kubwa: UJUMBE ULIOOKOA MAMA ULIFUNGULIWA HAPA. Nimelielekeza kwa Chelangat.

Programu ya virusi inasema zimebaki siku tatu. Nimerudisha tarehe, 2009. Na zile plagini mbili za Mike nimezirudisha pia, mtu hajui atakachohitaji.

Ilikuwa saa saba. Barabara tupu, mbuzi chini ya lori. Nilifungua kivinjari ukurasa mtupu, waya wa mtandao ukiwa mkononi mwangu. Kisanduku cheusi kikajitokeza katikati. Sikukiita.

Kisha mtu akakohoa kidogo ndani ya sanduku. Mzee. Nakijua kikohozi hicho, ni cha mtu anayetaka kusikiliza kitu kabla hajashika bisibisi. Akaanza kuongea, Kijaluo cha Ugunja, polepole. Akaniita jina langu la nyumbani, ambalo Turkana yote hakuna anayelijua.

Mwaka 2009 Baba alikuwa hai.

Akaniuliza kama namsikia, akanyamaza, anasubiri nijibu.

Nimebonyeza kile kialama cha spika. Mstari mwekundu, kimya. Kwanza nitafute picha.