Kufuli la Pili la Shangazi

Injinia hakuwahi kujenga daraja, nyumba wala banda la kuku. Cheo alijipa mwenyewe, akakirudia mbele za watu mpaka wakakizoea. Kwa mujibu wa kadi alizokuwa akichapisha asubuhi ile katika duka la vifaa vya ofisi, kazi yake ilikuwa ushauri wa usalama wa mtandao. Kwa mujibu wa ukweli, ilikuwa kuwasaidia watu kufungua kurasa zao za biashara mtandaoni, halafu kuondoka nazo.

Alikuwa kando ya mashine ya kutoa nakala, akisubiri kadi zake zikatwe, aliposikia sauti ya mwanamke nyuma yake.

"Kila nikitaka kuingia kwenye ukurasa wangu, mpaka namba itumwe kwa Shangazi," mwanamke alimwambia mwenye duka. "Niliufungua kwa laini yake, wakati huo sina simu. Sasa nimekuwa mtoto wa kuombewa ruhusa. Watu elfu sitini wananifuata mimi, na mimi nikae nimsubiri Shangazi atafute miwani."

Elfu sitini. Sikio la Injinia, ambalo nyumbani lilikuwa zito kila mkewe alipotaka taka zikamwagwe, lilisikia namba hiyo vizuri sana. Kuna bwana mmoja aliyekuwa akinunua kurasa zenye wafuasi wengi, anazibadilisha jina na kuzitumia kuuzia watu dawa za kuotesha nywele. Jumamosi bwana huyo angekuja. Injinia alikwisha mwekea kurasa nane, zote amezisajili upya kwa barua pepe yake moja, zimekaa humo kama magunia ghalani. Nane zilitosha. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini wahenga hawakuwahi kuonyeshwa wafuasi elfu sitini.

"Samahani, dada," alisema, na kadi tayari mkononi. "Sikukusudia kusikiliza, ila daktari akisikia mtu anakohoa hageuzi uso. Hilo linaitwa kufuli la pili. Ukiandika nywila, bado wanataka namba ya kwenye simu. Usumbufu mtupu. Mimi nalitoa kwa dakika tano."

Mwanamke alikuwa na utepe wa kupimia shingoni. Alimtazama kuanzia mabegani mpaka viatuni, jinsi mafundi wa nguo wanavyomtazama kila binadamu.

"Bega lako la kulia limeshuka," alisema. "Na hilo kufuli linatoka kweli?"

"Chumba kimoja, mlango mmoja, ufunguo mmoja. Kwani wewe kwako unafunga mlango mara mbili ukienda dukani?"

Fundi alicheka, akaomba kalamu, akabaki na kadi moja, na nyuma ya nyingine akamwandikia nywila ya ukurasa wake na namba ya simu ya Shangazi. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini samaki huyu anaruka mwenyewe kuingia kikapuni. Injinia alijipongeza kwa ufasaha wake na kuondoka.

Alipofika kwenye meza yake alijaribu kuingia. Nywila ilikubali, kisha kufuli la pili likadai namba, nayo ikatumwa kwa Shangazi. Ingeishi dakika mbili tu. Injinia akapiga simu.

"Shikamoo, Shangazi. Mimi ndiye Injinia. Kuna namba imeingia kwenye simu yako."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Hiyo namba..."

"Ninayo hapa. Na nyumbani wameamkaje?"

"Wazima wote."

"Mama yuko?"

"Yuko, hajambo."

"Hajambo kabisa, au hajambo ya kujikaza? Maana sisi wa umri huu tunajikaza. Magoti yake yakoje?"

Kufikia magoti, namba ilikuwa imekufa. Akaomba ya pili, nayo ikafa wakiwa kwa baba mkwe. Ya tatu ilifika karibu kabisa, kwani Shangazi alikwisha vaa miwani, lakini akakumbuka hajauliza habari za watoto. Kukata salamu za mtu mzima katikati Injinia hakuthubutu. Kuiba aliona ni kazi, ila utovu wa adabu aliogopa.

"Halafu, mwanangu," Shangazi alisema mwishoni, "mimi simsomei namba mtu nisiyeujua uso wake. Njoo dukani kwa Fundi, nitakuelekeza."

Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja chenye vyerehani viwili, masanamu matatu yasiyo na vichwa yaliyovikwa magauni ya maharusi, na pazia la kijani lililokata chumba cha nyuma. Sakafuni vipande vya kitambaa na uzi. Shangazi alikaa kwenye stuli karibu na mlango, akifumua pindo kwa wembe, na simu yake imelala mapajani.

"Sina cha kukushukuru," Fundi alimwambia Injinia, "ila nitakushonea koti. Simama nikupime."

Injinia alipenda sana kuonekana mtu wa maana, na koti lilikuwa ndicho kitu pekee alichokosa. Akasimama katikati ya chumba, akatanua kifua.

"Huandiki vipimo?" aliuliza, utepe ulipozunguka kiuno chake.

"Huyu haandiki," Shangazi alijibu kwa ajili ya mpwa wake. "Namba akiiona mara moja, imelala kichwani. Kuna mabibi harusi wa miaka kumi iliyopita, majina kawasahau, viuno vyao anavijua."

"Kipaji," alisema Injinia, bila kufikiri zaidi ya hapo.

Shangazi aliweka wembe chini, akaichukua kadi ya Injinia iliyokuwa juu ya cherehani. "Sasa wewe unataka kutoa kufuli. Mimi mtu wa zamani, naogopa. Mganga huonja dawa mwenyewe kwanza. Hii barua pepe iliyoandikwa hapa ni yako?"

"Ni yangu."

"Ina kufuli la pili?"

Injinia alisita. Ilikuwa nalo, tena zuri, maana hakuna anayejua wezi kama mwizi. Ndani yake zilikuwa kurasa zote nane. Lakini angelizima sasa na kuliwasha tena akivuka barabara, na ya tisa ingekuwa mfukoni.

"Ninalo, lakini nilikuwa nakusudia kulitoa leo," alisema.

"Basi toa nione. Ukibaki mzima, nami nitakusomea."

Akafungua simu. Kabla ya kuzima, simu ikataka aandike nywila upya. Nyuma yake Fundi alikuwa amenyoosha utepe kutoka bega hadi bega, kidevu karibu kimguse shingo. Injinia akaandika kwa kidole kimoja, polepole, tarakimu nane.

"Mgongo kumi na nane," Fundi alisema. "Usitikisike. Haya, nimemaliza."

Injinia akamwonyesha Shangazi kioo cha simu: uthibitishaji wa hatua mbili umezimwa.

"Hukufa," Shangazi alikiri.

"Sijafa, Shangazi. Sasa naomba namba ya ukurasa, itakuja sasa hivi."

Fundi alisema anakwenda kukata kitambaa, akapita nyuma ya pazia. Simu ya Shangazi ikalia. Shangazi akaisogeza mbali na macho, akaivuta karibu, akaiweka tena mapajani.

"Hujambo, mwanangu?"

"Shangazi, tulikwisha salimiana kwenye simu."

"Kwenye simu ni kwenye simu. Huu ni uso. Nyumbani wanaendeleaje?"

Injinia akaeleza habari za nyumbani. Akaeleza mama na magoti, baba mkwe na kikohozi, watoto na shule. Namba ikafa. Akaomba nyingine, wakaanza na majirani. Simu yake mwenyewe ilitetemeka mara mbili mkononi, lakini hakutaka kuitazama, asije akaonekana hasikilizi.

Kisha simu ya Shangazi ikalia tena, na bibi akabadilika. Miwani ilikuwa puani kabla mlio haujaisha.

"Tano, tisa, mbili, sifuri, saba, moja," alisoma kwa sauti ya mnadani.

Hatimaye. Injinia akaziandika mbiombio. Simu ikamjibu kwamba namba si sahihi.

"Imekubali, Shangazi," Fundi alisema nyuma ya pazia.

Hapo ndipo Injinia alipotazama arifa zake. Nywila ya barua pepe yako imebadilishwa. Uthibitishaji wa hatua mbili umewashwa. Halafu ya mwisho, fupi: umeondolewa, tafadhali ingia upya.

Pazia lilifunguka. Fundi alitoka na simu, na nyuma yake akatoka msusi mmoja mnene ambaye Injinia alimfahamu vizuri, kwani ukurasa wake ulikuwa wa tatu kati ya nane.

"Huyu ni mdogo wangu," Fundi alisema. "Alilia wiki mbili, ndiyo maana nilikufuata mpaka kule ulikochapisha kadi. Wateja walidhani kaacha kusuka."

"Wako wote humu," msusi alisema, akipitia simu ya dada yake. "Muuza viatu, mpiga picha, yule mama wa keki. Leo leo kila mtu anapata chake."

Injinia alipiga magoti, jambo ambalo kwa suruali ile halikuwa jepesi. Humo ndani, alisema, kulikuwa pia na vyeti vyake, picha za watoto wake, maisha yake yote. Na hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli.

"Tutakuachia vilivyo vyako tukimaliza," Shangazi alisema kwa upole. "Nywila mpya atakupa Fundi. Halafu kufuli la pili litatuma namba kwangu, nami nitakusomea. Sina kinyongo."

Fundi akampa nywila jioni ileile. Siku iliyofuata Injinia alifika asubuhi, akaiandika, simu ya Shangazi ikalia.

"Hujambo, mwanangu?" alisema Shangazi, akitafuta miwani.

Alikwenda siku nne mfululizo. Aliuliza naye habari za magoti, akidhani kuwahi kuuliza kutafupisha mambo, kumbe kulirefusha, maana magoti ya Shangazi yalikuwa na historia ndefu kuliko ya mama yake. Jumamosi mnunuzi alikuja, hakukuta kitu, akaondoka na maneno yasiyoandikika. Siku hiyo ndiyo Shangazi aliyosoma namba kwa wakati.

Alipokuwa akitoka, Fundi alimwita na kumvika koti. Lilikaa kama ngozi yake. Hata bega la kulia lilikuwa limenyanyuliwa kwa pamba, likalingana na la kushoto. Injinia alijitazama kwenye kioo kirefu, karibu asahau yote, akataka kuingiza mikono mifukoni kama watu wa maana wanavyofanya. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia, akapapasa ndani kifuani.

"Mifuko sikuweka," Fundi alisema, akirudi kwenye cherehani. "Ahadi ilikuwa koti."

Injinia aliaga, akamwamkia Shangazi kwa heshima zote, na akatembea hadi nyumbani bila kujua aiweke wapi mikono yake.