Anwani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Januari

Msiba! Mwalimu mkuu amehamishwa. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa! Miaka minne mimi, fundi cherehani, nimemlegezea viuno vya suruali bila kudai hata ahsante, na miaka minne amejifanya haoni kwamba binti yangu haishi mtaa wa shule kama fomu inavyosema. Anayeishi huko ni mama mkwe. Sisi tunakaa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Sasa anakuja mama mmoja ambaye, nasikia, hapokei hata pipi. Binadamu gani huyo?

Jumanne, 6 Januari

Mambo yamezidi kuharibika. Wazazi tumeletewa ujumbe kwenye simu: mwalimu mkuu mpya atatembelea kila familia nyumbani kabla ya kufungua. Sababu hakusema. Ya nini aseme? Anasaka wanaotoka mbali awafukuze! Jirani yangu fundi viatu, ambaye mapacha wake wanasoma hapo hapo, anasema atamkaribisha na kumweleza ukweli. Nimemhurumia. Fundi hodari, lakini akili yake haipandi zaidi ya kisigino.

Mke wangu anashauri nikamwulize mwalimu anataka nini, kuuliza si ujinga. Kweli, si ujinga. Ni kujikamatisha.

Alhamisi, 8 Januari

Nimekwenda na binti kwa mama mkwe kuomba tujifanye tunaishi kwake, siku moja tu. Amenisikiliza bila kupepesa macho. Akasema miaka kumi na miwili amekuwa akingoja siku nitakayohitaji kitu chake. Masharti yake: nimpakie jiko rangi, nimshonee mapazia ya nyumba nzima, na niache kumwita "yule" nikiwa kwangu. Sijui nani alimwambia. Au tuseme namjua sana aliyemwambia, nimezaa naye. Nimekubali yote. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Njiani binti aliuliza kama huu ni uongo. Nikamjibu ni mazoezi ya kuhama. Tulipofika nyumbani alilala na viatu miguuni, nikamvua polepole. Vimiguu vile, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, kila siku! Roho imeniuma. Lakini akifukuzwa, itabidi asome shule ya huku kwetu, ambako darasa moja lina watoto mia na mwalimu huja siku akipenda. Haiwezekani. Nikiwa hai, haiwezekani.

Jumamosi, 10 Januari

Tumehamia alfajiri. Cherehani sebuleni, miswaki bafuni, kandambili zangu mlangoni. Kikwazo kimoja: picha ya harusi yetu ukutani kwa mama mkwe imekunjwa, na nusu yangu iko nyuma ya fremu. Nimejikunjua mwenyewe.

Mwalimu mkuu akafika saa nne na daftari lake. Mama mpole, amevaa raba. Akauliza tumekaa hapa tangu lini. Nikasema tangu tuoane. Mama mkwe akadakia, bila kuombwa, kwamba ananihifadhi tu kwa kuwa nimeshindwa kupanga nyumba. Nikacheka mpaka taya zikauma.

Akauliza binti anatumia dakika ngapi kufika shule. Binti akanitazama. Nikawahi kujibu mimi: tatu, tena akitembea kwa madaha! Akauliza kama nina hakika. Nikaapa. Akaandika, akafunga daftari, akasema basi familia yetu haina shida yoyote.

Ushindi! Nimepaka rangi jikoni huku naimba. Mama mkwe amesema naimba vibaya.

Jumatatu, 12 Januari

Sitaki hata kuandika. Tumesharudi kwetu, binti amevaa sare, mara honi ikalia nje. Basi la shule! Jipya! Limesimama mlangoni kwa fundi viatu, hatua tano kutoka kwangu. Kumbe mwalimu mkuu alikuwa anatafuta wanaotoka mbali ili awapangie usafiri. Bure!

Nikamsukuma binti naye apande. Dereva akatazama orodha, akasema huyu anaishi dakika tatu kutoka shule, hana nafasi. Mapacha wakampungia mkono dirishani. Fundi viatu akaniambia nisijali, soli za mtoto zikiisha nimpelekee.

Binti ameondoka kwa miguu. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Jumatano, 14 Januari

Ujumbe mwingine wa mwalimu mkuu. Bado kuna viti vitatu kwenye basi. Mzazi anayekaa mbali afike Ijumaa aseme anakokaa, na hakuna mtoto atakayefukuzwa kwa ajili ya anwani.

Mke wangu anasema nikaseme tu kwamba tunakaa hapa, maana ndipo tunapokaa. Wanawake bwana! Nikaseme ukweli mtupu, bila maandalizi, mimi niliyeapa Jumamosi? Nani ataniamini? Heri jambo lenye ushahidi. Kaka yake mke wangu ana nyumba ng'ambo ya mto, mbali kuliko watu wote. Nimeshampima suti, amekubali. Cherehani imefungwa kamba, na safari hii nabeba picha yetu wenyewe.

Nimemweleza binti kwamba kuanzia kesho, kwenye fomu, tunaishi kwa mjomba, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka shule, na basi litamchukua kule kule mlangoni. Akauliza asubuhi atafikaje kwa mjomba.

Maswali ya kitoto!