Motokaa ya Marehemu na Cherehani ya Dina

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Kuku ametaga tena ndani ya motokaa. Mayai matatu, kwenye kiti cha dereva. Nikasema basi! Wiki hii inatoka.

Ni ya marehemu mume wangu, Filipo. Alimpikia mzungu mpima mawe miaka sita. Mzungu alipokwenda kwao akamwachia hii: nyekundu, haina paa, viti viwili tu, kazi yake kukimbia. Mtu mwenye akili angeacha ng'ombe. Filipo aliiendesha mara nne, homa ikamchukua. Nilimnunia kwa ajili ya hiyo motokaa mpaka wiki yake ya mwisho. Hilo sitaki kuliandika zaidi.

Dina wangu ana miaka kumi na saba. Mguu wake wa kushoto haumfikishi shambani. Lakini mikono! Anakata gauni kwa macho tu. Nimemwahidi cherehani kabla ya mvua, na nimeahidi kaburini kwa baba yake.

Leo jibu la salamu zangu limekuja. Mhindi mwenye duka kule Manyoni anakubali kubadilishana: motokaa kwa cherehani mpya ya kukanyaga, na jora zima la kitambaa cha marekani juu yake. Anaitaka kwa ajili ya mwanawe. Dina aliruka kwa mguu mmoja mpaka mlangoni.

Jumanne, 7 Agosti

Nimemwambia Martina, mke wa katekista, tukiwa kisimani. Kosa langu. Nilitaka tu aone wivu.

Hakuona wivu. Alicheka mpaka mtungi ukamwagika. Akasema, we mama Dina, mwenye duka akikupa kimoja ujue amekalia vitatu! Uza mwenyewe, mtu kwa mtu. Yule Mughwai mchuuzi wa ng'ombe hakosi kutoa hata ng'ombe wanane.

Wanane! Hao ni cherehani, na bati, na maziwa.

Nimemtumia mwenye duka salamu asubiri kidogo. Dina alikuwa ameshachora kwa chaki mahali pa kuweka cherehani, karibu na dirisha. Nimeiruka ile chaki siku nzima.

Alhamisi, 9 Agosti

Mughwai amekuja. Ameizunguka motokaa kama anavyozunguka dume la mnadani, akainama kutazama chini, akaipiga ubavuni kwa fimbo. Akasema watano. Nikasema kumi, wala sauti haikutetemeka. Akasema tutaonana.

Hajafika njiani, huyo Yohana, kaka yake Filipo! Nani amemwambia? Kisima kimemwambia. Nikampa shikamoo, nikampa kigoda, nikampa uji. Akanywa wote ndipo akasema mali ya mdogo wake ni ya ukoo, na Jumatatu anakuja na wazee kuichukua. Nikasema karibuni sana. Moyoni nilisema jingine.

Jumapili, 12 Agosti

Nimepata akili! Huku kwetu mtu halazi ng'ombe wake wote katika zizi moja. Wengine unampa rafiki wa mbali akuchungie. Maziwa yake, ndama wako, na ndugu mwenye macho marefu hajui una wangapi. Sasa, kwa nini motokaa isichungwe?

Nikajifanya tumbo linauma. Yohana alipokuwa kanisani akiimba besi, tuliifunga kwa maksai wawili na kuiburuta mpaka Mkiwa, kwa Alute. Alikuwa rafiki wa Filipo, tena aliendesha malori jeshini wakati wa vita. Nikasema maneno yote ya desturi mbele ya mashahidi wawili: mnyama wangu ni huyu, mlishe, mlinde, maziwa ni yako. Alute akaniuliza mara mbili, maziwa pia? Nikasema pia! Mimi si mchoyo.

Niliporudi, Dina akauliza, kama Alute anajua kuendesha, kwa nini asiipeleke leo leo kwa mwenye duka Manyoni? Watoto hawajui biashara.

Jumatatu, 13 Agosti

Yohana na wazee wamekuta mayai mawili chini na kuku amekasirika. Wameniuliza iko wapi. Nikasema hata mimi nashangaa. Nimewapa mayai.

Ijumaa, 24 Agosti

Mughwai amerudi. Sita. Nikasema saba. Akasema sita na mbuzi. Nikasema nitafikiri. Dina akanitazama, akarudi kuchambua mchicha.

Wapita njia wanasema wameona motokaa nyekundu inakwenda mnadani, watu watano juu yake na pipa la pombe. Itakuwa nyingine. Nyingine ipi, sijui.

Jumatano, 29 Agosti

Alute amekuja. Amesimama uani, kofia mkononi, mashahidi wawili nyuma yake, na begani amebeba ngozi.

Ngozi nyekundu. Ya viti. Imebanduliwa vizuri, imeoshwa, imekunjwa.

Akasema, pole mama Dina, mnyama wako amekufa.

Nilikaa chini. Akaeleza yote bila kuficha. Alikuwa akimkamua nauli kila siku ya mnada, kama nilivyoruhusu. Jana kwenye mteremko alikataa kusimama, akaingia korongoni. Watu wote ni wazima, Mungu ashukuriwe, pipa tu limepasuka. Nyama imegawanywa kwa haki: mhunzi amechukua kifua, wanawake wamechukua vioo, mzee mmoja amepata mlango wa banda la mbuzi. Mimi mwenye mali nimeletewa miguu yote minne, magurudumu, juu ya punda. Na ngozi hii hapa, nisije nikasema ameniibia.

Mashahidi ni walewale wangu. Maneno ni yaleyale yangu. Kwa desturi, mchungaji akileta ngozi, hana deni. Nikawachinjia kuku. Yule yule wa kutaga.

Walipoondoka niliikunjua ile ngozi. Pale Filipo alipoegemeza kiwiko pamechakaa, na pananuka tumbaku yake bado. Laiti ningepanda naye hata mara moja. Alinibembeleza, nikasema nina mtama wa kutwanga.

Jumamosi, 1 Septemba

Martina ana cherehani. Ya kukanyaga, na jora la marekani. Katekista amempa mwenye duka baiskeli na magunia ya karanga. Cherehani ni ile ile!

Martina amemwita Dina awe akimshonea, atampa vipande vinavyobaki. Dina amekwenda. Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Alifuta tu ile chaki kwa kitambaa cha maji, taratibu, akachukua fimbo yake.

Jumatatu, 3 Septemba

Mungu hakunisahau! Dereva wa lori ameleta salamu. Mwenye duka ana cherehani ya mkono, kuukuu, mpini umepinda, lakini inashona. Atanipa kwa yale magurudumu manne tu. Lori linarudi Manyoni leo mchana.

Dina amenishika mikono yote miwili. Mama, leo. Nakuomba. Leo.

Nikasema ndiyo, mwanangu, kabisa. Nilisema kwa moyo wote.

Ila nimesikia Mughwai anatengeneza mkokoteni. Mkokoteni bila magurudumu ni kitanda. Huyu hatakosa kutoa ng'ombe, na ng'ombe si cherehani ya mpini uliopinda, ni cherehani mpya. Siku tatu tu nimjaribu. Lori litapita tena. Dina ameketi kando ya barabara ingawa nimemwambia aingie ndani.

Tatizo ni Yohana. Amepita uani mara mbili akiyatazama. Hapa hayawezi kukaa. Basi nimeyapakia kwenye punda mpaka Mkiwa, nikamkabidhi Alute mbele ya mashahidi, maneno yote ya desturi.

Safari hii sina wasiwasi. Gurudumu halina ngozi. Likifa, ataniletea nini?