Mkia wa Sangara

Ijumaa, 12 Septemba

Bariadi. Mektilda ametoa masharti. Alikuwa uani kwake akipepeta mchele, hata hakuinua macho. Jibu lake atalitoa Jumapili baada ya misa. Ataolewa na mtu wa ziwa kama alivyokuwa marehemu baba yake, mvuvi wa Lamadi, au atabaki mjane. Anayemtaka amletee sangara aliyemvua mwenyewe.

Tunaomtaka ni wawili. Mimi, Salvatory, mzaliwa wa Ukerewe. Na Kasmiri, mpima pamba mstaafu kutoka Maswa, ambaye hadi juzi maji mengi aliyoyajua ni ya kwenye karai. Sasa amenunua mtumbwi wa injini. Na kofia.

Ningekuwa na furaha, ila kuna jambo ninaloliandika hapa tu. Kisiwani niliondoka mtoto. Nakumbuka moshi wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wakikaushwa, na mama akiniita kwa Kikerewe, lugha ambayo hapa sina wa kuisema naye. Sangara simkumbuki. Wakati ule hakuwa amefika kwetu. Samaki ninayepaswa kumjua kwa damu nimemjulia Bariadi, mezani, akiwa amekaangwa.

Nyumba ni kimya mno. Lazima nimpate.

Jumamosi, 13 Septemba, asubuhi

Lamadi. Basi lilisimama Dutwa hadi nikakata tamaa na safari, kisha na maisha.

Mpango wa kwanza haukuhitaji kuingia majini. Hapa mwaloni, mitumbwi inapotua, anayesaidia kuvuta mtumbwi wa mtu hadi nchi kavu hupewa samaki wa kitoweo. Kuvuta ni kwa mkono wangu mwenyewe, basi na samaki ni wangu mwenyewe. Sharti limetimia.

Nikakunja suruali. Nikashika kamba. Vijana wote wakaachia. Wakasema haiwezekani, guku, yaani babu, avute mtumbwi wao wakiwa hai. Nikaletewa kiti. Nikahamia mtumbwi mwingine, kiti kikanifuata. Nimekaa juani asubuhi nzima nikiamkiwa na kila apitaye. Samaki sikupata hata mmoja. Sijawahi kuheshimiwa kwa hasara kiasi hiki.

Jumamosi, jioni

Naandika nikiwa nimelowa.

Mwandu, mvuvi wa hapa, aliniazima mtumbwi. Akauliza kama nahitaji mpiga kasia. Nikamjibu kwamba mtu wa Ukerewe hapelekwi ziwani. Akasema haya, akachutama apate kuona vizuri. Alinionya jambo moja: ziwani, anayepita ndiye humsalimu aliyetega, tena kwa mbali, na husubiri aelekezwe mishipi ilipo. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa.

Nikamkuta Kasmiri ametega. Mimi ndiye niliyekuwa nikipita. Lakini mimi ni mkubwa wake, na Usukumani mdogo ndiye huanza. Nikasimamisha kasia, nikamsubiri. Naye akanisubiri. Nikatazama mawingu. Akatazama mawingu. Upepo, ambao hauna adabu ya upande wowote, ukanipeleka juu ya mishipi yake yote. Nikakurupuka, nikainasa, nikaikata yote ila mmoja, kasia likaniponyoka, nikalifuata kwa kichwa.

Kasmiri akanitoa majini kwa ukosi wa shati. Kisha akanisalimu, “Mwadila, Mzee Salvatory.”

Nikaitikia. Yeye ndiye aliyeanza. Hilo liandikwe.

Mshipi uliosalia ulikuwa na sangara mmoja, mkubwa kama mtoto wa ubatizo. Kumbe wana desturi nyingine: anayekokotwa hafiki nchi kavu mikono mitupu, ni mkosi kwa wote wawili. Kasmiri akamchanja mkia mara mbili kwa kisu, alama ya mtumbwi wake, ili mwaloni wasidhani nimeiba. Akamtupa miguuni pangu. Akanikokota kama mbuzi wa mnada.

Nilikusudia kukataa. Maneno ya kukataa sikuyapata kwa wakati.

Jumapili, 14 Septemba

Alfajiri nimemkata sangara mkia. Alama imekwenda na mkia. Nilijiona mwerevu hadi saa ya chakula, Bariadi kwa Mektilda.

Mektilda akampokea samaki, akamgeuza. Akauliza mkia uko wapi. Nikasema mamba.

“Mamba wa siku hizi wana visu,” akasema, akaingia jikoni.

Kasmiri alikuja mikono mitupu. Alipoulizwa, alisema ziwa limemnyima. Akavua kofia, akaketi. Nilimngojea anitaje. Hakunitaja. Ningemchukia vizuri zaidi kama angenitaja.

Chakula kikaja. Kwao Mektilda kichwa cha samaki ni cha aliyemvua. Nikasogeza sahani yangu. Kichwa kikapita mbele yangu, moshi wake ukanigusa uso, kikatua kwa Kasmiri. Kando yake Mektilda akaweka ndoano aliyoitoa kooni mwa samaki. Kipande cha mshipi kilikuwa bado kimefungwa. Akauliza ni mvuvi gani wa Ukerewe hufunga ndoano kwa fundo la robota la pamba.

Mezani hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kasmiri akakiri kwamba fundo jingine halijui. Mektilda akamwambia baba yake naye alikuwa akirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya kukokota watu. Kisha akamwuliza atapeleka lini wazee kwa kaka zake kumposa.

Nilipewa kipande cha karibu na mkia. Nimekila chote. Kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililonivunja.

Jumatatu, 15 Septemba

Sikutoka kitandani hadi jua lilipopanda. Nimetafakari kwa uaminifu. Kosa nimeliona: nilikata upande usiofaa. Ningeanzia kooni.

Isitoshe, jana wakati wa kuaga, Justina, mdogo wake Mektilda, mjane pia, alinionea huruma. Alisema yeye samaki hamtaki hata kwa harufu. Anamheshimu mwanamume mwenye ng'ombe. Nikajikuta nikimwambia kwamba mimi ni mfugaji tangu utoto.

Jumamosi nakwenda Bukundi kwa Maige, rafiki yangu, kuazima dume mmoja. Nasikia huko ng'ombe hutiwa alama sikioni.

Kisu nimekwisha kukinoa.