Nusu Saa ya Nomin

Kwa furaha isiyo na kipimo, Chuo Kikuu kilitangaza kuanzishwa kwa Kitengo cha Wanafunzi wa Kigeni Wenye Ugumu wa Kusoma. Tangazo lilikuwa na kurasa kumi na tisa, maandishi madogo kama mayai ya chawa, likabandikwa juu kabisa ukutani lisije likachafuliwa na wasomaji.

Mkuu wa Kitengo, Bwana Kurihara, alikuwa na huruma nyingi na muhuri mmoja. Jumatatu alimpokea mteja wake wa kwanza, Nomin, binti wa Kimongolia ambaye herufi humtawanyikia machoni kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Nomin alihitaji nusu saa ya ziada katika mtihani wa Ijumaa. Akifeli, anarudishwa kwao.

"Jambo dogo hilo, binti," alisema Kurihara. "Jaza fomu hii. Kurasa arobaini, kwa mkono, wino mweusi. Ukikosea herufi moja, unaanza upya. Kufuta ni mwiko."

"Mkuu, ningeweza hayo ningekuja hapa kutafuta nini?"

"Swali zuri. Liulize kwa maandishi."

Kufikia Alhamisi Nomin alikuwa ameanza upya mara kumi na moja. Mwenzake wa bwenini alimsomea fomu ile mpaka sauti ikakauka, na Nomin akaishika yote kichwani kama sala. Akarudi.

"Mkuu, nisomee ukurasa wa saba."

Kurihara akakohoa. Fomu ilikuwa imepitishwa kwa mihuri saba ya maofisa walio chini yake, kila mmoja umeinamishwa kidogo kushoto, kwa adabu, kuusujudia muhuri wa mkuu. Wote waliinama. Aliyesoma hakuwepo.

"'Mhusika... ambaye kuhusika kwake... kwa mujibu wa uhusika...'" Jasho likamtoka. Akarudi mwanzo. Akapotea tena.

Nomin akafumba macho, akatiririka na kifungu cha mwisho cha ukurasa huo: "'Yeyote atakayeshindwa kusoma ukurasa huu kwa dakika tatu ana ugumu wa kusoma. Hatatia muhuri popote mpaka ajaze fomu hii. Nafasi yake itakaimiwa na anayeijua fomu.'"

Katibu wa Kurihara, Bi Ogata, akatazama saa ya ukutani. "Dakika sita, mkuu."

"Saa hiyo mbovu!"

"Umeipitisha mwenyewe. Ina muhuri wako."

Kanuni ni kanuni. Bi Ogata akampa Nomin muhuri kwa mikono miwili. Nomin akaugonga kwenye ombi lake. Ukasimama wima, haukumwinamia mtu.

Ijumaa, akitoka kwenye mtihani na tabasamu, alipitia ofisini. Kurihara alikuwa ukurasa wa thelathini na tisa, wino mpaka puani.

"Kaimu Mkuu," alisema kwa unyonge, "nimekosea herufi moja tu. Nifute?"

"Pole, mzee wangu," alisema Nomin, akamwekea mbele fomu mpya. Kisha, kwa kuwa yeye alilelewa vizuri, akamwongezea nusu saa.