Mto wa Mahameli Chini ya Kichwa cha Mtoto

Mheshimiwa mwakilishi wa mheshimiwa ambaye hakuweza kufika; mheshimiwa utakayemwakilisha mwakilishi huyo endapo ataondoka mapema; wakuu wa divisheni, wakuu wa biro, wakuu wa avenue; mapadri na wachungaji kwa kufuata urefu wa makanzu yenu; mabwana wa makampuni ya shaba mliotuma salamu badala ya kutuma watu; akina mama wa mtaa huu wa Kasulo mlioketishwa juani kwa sababu za kiprotokoli; na ninyi vijana wachimbaji mliotoka mgodi wa Mashamba na vumbi lenu bila kualikwa: protokoli yote ikiwa imezingatiwa, mimi, Zéphirin Ntambwe, Mratibu Mkuu wa Mkoa wa Programu Jumuishi ya Kuweka Vizuri Kichwa cha Mtoto Mchanga Asiyepumua, nawasalimu! (Makofi ya watu wawili chini ya hema.)

Kila mtu anajua kwamba mtoto akizaliwa bila kulia, huwekewa maski usoni na kufinyiwa mfuko ili hewa iingie kifuani. Lakini kichwa, je? Kichwa kikae vipi? Wote waliokalia ofisi hii kabla yangu walinyamaza, mpaka nilipokuja mi! Niliunda tume, Komisyo ya Kichwa, nikaigawa katika komisyo ndogo ya Kidevu na komisyo ndogo ya Kisogo, ambazo kwa bahati mbaya hazisalimiani tena; kisha nikaongoza ujumbe mzito wa mafunzo kwenda Ulaya, ambako nilishuhudia kwa macho yangu, kupitia dirisha la hoteli, kwamba kila mtoto wa kizungu ana kichwa. (Kicheko kutoka upande wa juani. Mratibu anainama kushukuru.)

Na matokeo ndiyo haya hapa mezani, yamefungwa kwa utepe: mfuko mmoja, maski moja, na mto, naam, mto wa mahameli, mnene, wenye picha yangu katikati! Maana nilikataa katakata mtoto wa mkoa wetu wa Lualaba, ambaye kobalti ya kwao inaendesha magari ya dunia nzima, alazwe kichwa chini kama gunia la makaa. Kichwa kiinuliwe! Kidevu kiguse kifua kwa heshima! Utafiti wetu umethibitisha kwamba asilimia mia moja na kumi na nne ya watoto waliolazwa juu ya mto huu hawakulalamika. (Daktari Tshimanga, daktari wa maternite hii, hospitali ya uzazi iliyo nyuma ya jukwaa, anakuja mbio mbele ya jukwaa, glavu mikononi.)

Daktari, karibu, ingawa wataalamu watahutubu baada ya vinywaji. Nini? Naomie, mke wa Elisée, amejifungua sasa hivi humu ndani? Félicitations, hongera! Mtoto hapumui? Unataka mfuko na maski? Daktari, wewe ni msomi mwenzangu: vifaa visivyozinduliwa, kisheria, havipo. Utepe unakatwa na mheshimiwa, na mheshimiwa yuko chooni. (Elisée, mchimbaji wa Kasulo, anapanda jukwaani na koleo lake: "Tata, mutoto yangu anakufa! Kata hii kamba, ao mi njo ntaikata!") Usalama! Usalama wako wapi? Aa, basi, kata, kata! Nilikuwa karibu kutangaza uzinduzi wa dharura. Lakini beba na mto, Daktari! Mto ndio roho ya programu!

(Koleo linakata utepe. Daktari anakimbia na vyote. Mara mto unarushwa nje kupitia dirisha la chumba cha uzazi, na sauti ya Daktari inafuata: "Hii mto inamufunga koo! Kichwa ikikunjama mbele, hewa haipiti. Ukiivuta nyuma sana, haipiti vilevile! Mama mukunga, lete kilamba, ile kitambaa, kunja kidogo, weka chini ya mabega. Pua iangalie juu. Njo vile. Sasa kifua inapanda!")

Ndugu wananchi, tofauti za kitaalamu ni afya ya demokrasia. Naomba picha yangu ipanguswe vumbi. Kama nilivyokuwa nikisema, katika dira yetu ya muda mrefu, kila kisogo cha mkoa huu... (Kilio cha mtoto, chembamba kwanza, halafu kikali. Akina mama wanapiga vigelegele. Elisée anaketi pale pale jukwaani na kulia kwa sauti.) Asanteni! Asanteni sana! Mmesikia wenyewe, programu inapumua! Waandishi, andikeni: wa kwanza kuokolewa na mto. (Sauti ya mama mmoja: "Na ile mutoto ya jirani yetu Mushiya, alikufa juzi, munganga, daktari yetu, hakukuwa na maski!") Hilo liandikwe kama changamoto.

Nahitimisha. Nikisema "Kichwa!", mnaitikia "Mto!" Kichwa! (Wote: "Kilamba!") Pumzi! ("Ya munganga!") Inatosha.

Nawashukuru wabia wetu, ambao bado tunawatafuta. Nazishukuru komisyo. Na kwa namna ya pekee naishukuru maternite hii yenye moyo wa kizalendo, iliyotuazima tangu Jumatatu, siku nne sasa, mfuko na maski yake ya pekee, ambavyo kama tusingevipata tusingekuwa na cha kuzindua, kwa sababu programu yenyewe, kwa sasa, ni mto, na mto nimeutoa kwenye kiti cha sebuleni kwangu. Basi, Daktari, rudisha vifaa upesi. Watu wa mji wa Kasaji wanatungoja, na huko pia tunazindua. Dereva, washa jeep!

(Daktari Tshimanga dirishani: "Haiwezekani, Excellence. Ni mapasa. Wa pili angali mu tumbo.")

Hongera mara mbili! Lakini ratiba ni ratiba. Kwa mamlaka niliyopewa, namwahirisha mtoto wa pili hadi kesho saa nne asubuhi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Watu wa juani wanainuka wote, wanakwenda kuketi mbele ya jeep. Hakuna anayepiga makofi.)