Ufunguo wa Siri Ubaoni

Jumatatu, 3 Machi
Nimejiunga na mtandao usio na mwenyewe. Hauna kampuni, hauna meneja, hakuna wa kukufungia akaunti. Aliyeniingiza ni fundi viatu wa banda la pili. Anasema ukiandika jambo la maana wasomaji wanakutumia satoshi, yaani vichembe vya bitikoini, moja kwa moja kwenye pochi ya simu. Wiki iliyopita aliandika jinsi ya kushona soli, akapata za kununulia uzi. Uzi! Mimi nachonga funguo na kufungua vitasa mwaka wa ishirini na mbili huu. Nitapata za kununulia banda lake.

Sababu ya kweli naiandika hapa tu. Mke wangu yumo humo. Anaweka picha za bustani ya marehemu mama yake. Simu zangu hapokei, mwezi wa saba sasa. Mpango: anisome, aone ninavyoheshimika, arudi mwenyewe bila mimi kuomba chochote.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata funguo mbili. Mmoja wa wazi, wa kumpa kila mtu akufuate. Mmoja wa siri, wa kuandikia kwa jina lako. Fundi viatu alirudia mara tatu kwamba wa siri ukipotea hakuna ofisi ya kwenda kulia, na ukivuja hakuna kitasa cha kubadilisha. Nikamwambia asinifundishe mambo ya funguo.

Mchana nikaenda kwa mwandika mabango. Ubao mpya juu ya mlango wa duka: NIFUATE MTANDAONI, na chini yake ule ufunguo wa wazi, herufi na tarakimu sitini na tatu. Alilalamika mkono unamuuma. Kazi nzuri lakini.

Alhamisi, 6 Machi
Wafuasi tisa. Niliandika juu ya upuuzi wa kufuli za bei rahisi. Satoshi ishirini na moja, na kumi na mbili kati ya hizo ni za fundi viatu. Za huruma. Nimemrudishia.

Mke wangu kimya. Watu wanasema nilimkosea. Alikwenda kumuuguza mama yake, akakaa miezi mitatu. Nikachoka kula peke yangu. Nikaacha kupokea simu zake, ili anikose kidogo. Kisha nikabadilisha kitasa cha nyumba, mzaha tu, akirudi aje dukani aniombe ufunguo, tucheke. Ningejuaje kwamba alikuwa akipiga kunipa habari ya msiba? Alirudi ametoka kumzika mama yake, ufunguo ukagoma mlangoni. Dukani kwangu hakuja. Lakini mzaha ni mzaha.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi foleni ya watu kumi na mmoja, kila mmoja na kufuli bovu. Eti nimeandika mtandaoni kwamba leo ukileta bovu unapewa jipya bure. Sijaandika! Kabla sijawamaliza, limetoka tangazo jingine: kwamba nawaomba radhi wateja wote niliowauzia vitasa vinavyofunguka kwa kijiko. Vinafunguka kwa kijiko kimoja tu, na lazima kiwe chembamba.

Fundi viatu akaja, akautazama ubao, akashika kichwa. Ule wa ubaoni ndio wa siri. Funguo zote mbili zinaanza na herufi n! Mganga hajigangi. Nimepaka rangi juu yake, lakini anasema picha zimeshapigwa na ujumbe umeshasambaa kwenye mitambo ya watu kila pembe ya dunia, hakuna wa kumwomba afute. Nifungue akaunti mpya. Nimekataa. Kuhama ni kukiri.

Jumatatu, 10 Machi
Kuna ujumbe kwa mke wangu. Kwa jina langu, hadharani.

Ujumbe umesema nilimfungia nje siku aliyotoka kumzika mama yake. Umesema sikupokea simu kwa kiburi, na kiburi hicho kimenila mwenyewe. Umesema nguo zake bado ziko kabatini, na mimi bado nalala upande wangu wa kitanda, sivuki katikati. Umesema sistahili, ila naomba.

Watu nisiowajua wametuma satoshi elfu tatu na mia tano. Mimi nimelia. Kisha nimekasirika. Ni kweli sivuki katikati. Nani alimwambia?

Jumanne, 11 Machi
Mke wangu amejibu. Mstari mmoja: amesoma, anakuja Jumamosi tuzungumze. Nimefagia mpaka chini ya kabati. Nimenunua birika jipya. Leo nimeharibu funguo nne za wateja.

Alhamisi, 13 Machi
Fundi viatu amekiri. Ya kufuli si yeye, ni wahuni. Ya mke wangu ni yeye. Anasema siku ile ya kitasa mke wangu alipita bandani kwake, mkanda wa kiatu umekatika. Muda wote akimshonea, machozi yalikuwa yakimdondokea mke wangu mapajani. Habari za kitanda nilimpa mwenyewe siku ya mvua, nikasahau. Mkewe yeye alifariki mwaka juzi. Anasema aliandika yale anayotamani angemwambia wake.

Akanisihi nisiharibu. Maneno ni yangu, yeye ameshika kalamu tu. Nikamwita mwizi. Akaendelea kupaka gundi.

Jumamosi, 15 Machi
Alikuja saa nne. Amekonda. Alikaa ukingoni mwa kiti, begi mapajani. Akasema ameyasoma yale maneno mpaka ameyashika kwa moyo. Hataki zawadi wala wazee wa kusuluhisha. Anataka kuyasikia kwa mdomo wangu, hata nusu yake.

Naapa yalifika kooni. Halafu nikawaza: atawasimulia dada zake kwamba nimenyenyekea. Na fundi viatu atatembea mtaani kifua mbele, kwamba ndiye aliyeniokolea ndoa. Nikamwambia ufunguo wangu uliibiwa. Maneno yale si yangu, na mwizi nimemkamata.

Akauliza, hata moja? Nikasema hata moja.

Akalainisha mshipi wa begi. Akaomba maji. Akanywa mafunda mawili, akashukuru kama anavyoshukuriwa mtu baki, akasimama. Zipu ya begi ilikuwa imeachia kidogo. Ndani mlikuwa na magauni, mswaki, na sandali za nyumbani. Alikuja kukaa.

Jumapili, 16 Machi
Akaunti mpya. Funguo mpya, wa siri nimeukariri wote, herufi kwa herufi. Sasa hakuna atakayeweza kusema lolote kwa jina langu. Nimeshika simu tangu asubuhi na sijaandika kitu. Moyo unaniuma, sijui kwa nini. Mfuasi mmoja: fundi viatu. Nimemzuia.

Mke wangu nimemtafuta humo mtandaoni, nimemfuata. Hiyo inatosha kwa upande wangu. Akitaka amani, aanze yeye kuomba radhi. Nilimkaribisha maji kwa moyo safi, akayaacha, hata nusu ya glasi hakufika.